Pikipiki Isiyotaka Kuamka: Historia Fupi ya Kuwasha Injini Baridi

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na safari hii sitasingizia kazi. Nilikuwa nikipanda Limuru kila Jumamosi kwa mjomba wangu, kupigana na pikipiki.

Pikipiki yenyewe ni BMW K100RT ya mwaka 1985. Kwa wale ambao hawajawahi kuiona, si nduthi ya kubebea abiria. Ni pikipiki ya safari ndefu: ina kioo kikubwa cha kukinga upepo, ina masanduku mawili nyuma, na injini yake ya silinda nne imelazwa ubavu kama mtu aliyelala usingizi. Mjomba aliachiwa na mpima ardhi aliyemfanyia kazi miaka mingi, naye ameitunza kuliko gari. Tatizo ni kwamba kila ikifika Julai, baridi ya Limuru ikishika, asubuhi haiwaki. Stata inazunguka vizuri, injini inakohoa mara moja, basi. Saa nane mchana, jua likitoka, inawaka kana kwamba hakuna lililotokea.

Karakana moja ya mjini ilikuwa imeshakula pesa zake. Walibadilisha plagi, wakabadilisha betri, wakaosha tangi, mwishowe wakabadilisha pampu ya mafuta. Kila mara walimrudishia pikipiki mchana, ikiwaka. Kila asubuhi iliyofuata haikuwaka. Nilipofika, alikuwa amepata mnunuzi aliyetaka kuivunja auze vipuri, na alikuwa amempa ahadi ya kumjibu kabla ya mwisho wa Agosti.

Akaniambia: "Wewe si ulisomea kompyuta? Hii nayo iko na kompyuta. Ongea nayo."

Mnajua vile mtu wa programu huwa na kiburi. Nilidhani nitatafuta tundu la kuchomeka waya, nisome misimbo ya hitilafu, nimwonyeshe mjomba jibu kwenye simu. Nikatoa kiti, nikaiona kompyuta ya Bosch imekaa chini yake, nikazunguka pikipiki nzima na tochi. Hakuna tundu la kuchomeka chochote. Mashine hii ina kompyuta ya kupima mafuta lakini haina kumbukumbu ya makosa. Haikumbuki kitu. Ikazidi kunichanganya kwamba upande wa kushoto wa usukani kuna mkono mdogo wa choki, kama wa pikipiki ya zamani. Sasa, ikiwa kuna kompyuta, choki ya nini? Na ikiwa kuna choki, kompyuta inafanya nini?

Ilibidi nirudi nyuma kusoma historia, na historia yenyewe ndiyo iliyonipa jibu. Kwa hiyo leo ninawaletea historia hiyo, nikichanganya na kisa cha Limuru.

Tuanze na kwa nini baridi ni tatizo. Petroli ya maji haiwaki vizuri ndani ya silinda. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, kwa uzani wa takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Injini ikiwa moto, petroli yote inageuka mvuke na hesabu hiyo inatosha. Injini ikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli inabaki matone, inanata kwenye kuta za mabomba kama umande, na plagi inakuta hewa tupu karibu. Dawa ni kumwaga petroli nyingi zaidi, mara kadhaa ya kawaida, ili ile sehemu ndogo inayogeuka mvuke itoshe kuwaka. Ukizidisha, unalowesha plagi na cheche inazimika. Ukipunguza, injini inakohoa na kunyamaza.

Kwa hiyo kila injini kila asubuhi ina swali moja tu: kuna baridi kiasi gani? Ukifuatilia ni nani amekuwa akijibu swali hilo tangu karne ya 19, utakuwa umefuatilia historia yote ninayotaka kusimulia.

Mwanzoni hakukuwa na hata kifaa cha kuzungushia injini. Pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuuzwa kwa wingi, Hildebrand & Wolfmüller ya Munich ya mwaka 1894, ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1,489 na haikuwa na klachi. Badala ya plagi kulikuwa na mrija uliopashwa moto kwa taa. Mwenye pikipiki aliwasha taa, akangoja mrija uwe mwekundu, kisha akaisukuma akikimbia kando yake mpaka ikashika, halafu akarukia juu. Jaribu kufanya hivyo kwenye kilima cha Limuru saa kumi na mbili asubuhi!

Mwaka 1902 kampuni ya Robert Bosch ilileta magneto ya umeme wa nguvu nyingi, kazi ya mhandisi Gottlob Honold. Magneto ilikuwa nzuri kwa sababu haihitaji betri, lakini ilikuja na udhaifu ambao kila msafiri wa zamani aliujua mguuni: cheche yake inategemea mwendo. Ikizungushwa polepole, cheche ni dhaifu. Na injini ikiwa baridi, oili imekuwa nzito, unazungusha polepole. Yaani wakati unapohitaji cheche kali zaidi ndipo unapopata hafifu zaidi. Kiki ilipoanza kuenea katika miaka iliyofuata, ikawa mguu umechukua kazi ya kukimbia, lakini sheria ilikuwa ile ile.

Hapo ndipo ibada ya asubuhi ilipozaliwa. Chukua pikipiki ya Uingereza ya miaka ya 1930. Unafungua mafuta. Kwenye kabureta (mara nyingi ilikuwa ya Amal, kampuni iliyoundwa mwaka 1927 kwa kuunganisha watengenezaji watatu) kuna kitufe kidogo. Unakibonyeza, kinasukuma boya chini, petroli inafurika mpaka inakulowesha vidole. Unafunga mkono wa hewa. Unarudisha nyuma mkono wa cheche ili injini isikurudishie teke, maana teke la silinda moja kubwa liliweza kuvunja kifundo cha mguu. Unasukuma kiki taratibu mpaka pistoni ipande juu na kupita kidogo. Halafu sasa unapiga kwa nguvu zako zote.

Angalia nani anajibu swali letu hapo. Ni mwendeshaji. Ngozi yake inajua kuna baridi, vidole vyake vinajua petroli imefurika kiasi gani, na amejifunza kwamba asubuhi ya theluji ni kubonyeza hadi mafuta yadondoke, na asubuhi ya jua ni kugusa tu. Mwezi Desemba 1934 wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa Panther ya silinda moja, sentimita za ujazo 598, ikivuta kigari cha pembeni na trela, wakielekea Cape Town kupitia jangwa la Sahara. Walifika Julai 1935. Njiani, Agadez, walilazimika kuifungua injini nzima na kuijenga upya. Wallach alikuwa amesomea uhandisi. Kwenye pikipiki ile hapakuwa na kitu chochote ambacho mtu mwenye spana na masikio hangeweza kukifikia.

Utafutaji wa hitilafu wa wakati huo ulikuwa na uaminifu wake. Injini haiwaki? Toa plagi uitazame. Ikiwa imelowa, mafuta yamefika, tafuta cheche. Ikiwa kavu, tafuta mafuta. Basi. Kijana wa boda boda pale stejini Limuru bado anafanya hivyo hivyo leo, kwa sababu boda boda nyingi za hapa kwetu bado zina kabureta, na nilimwona akigundua tatizo la mwenzake kwa kunusa tu. Mimi na digrii yangu nilisimama kando nikiangalia.

Umeme ulikuja kwa taabu. Stata ya umeme ya Charles Kettering iliingia kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912, na mwaka 1914 kampuni ya Indian ya Marekani ikajaribu kuipeleka kwenye pikipiki iliyoitwa Hendee Special. Ilishindwa vibaya. Betri za wakati ule hazikustahimili mtikisiko wala kazi yenyewe, na mradi ukaachwa upesi. Ilichukua karibu nusu karne kabla ya Honda kuizoesha dunia kitufe cha kuwashia, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Harley-Davidson waliiweka kwenye pikipiki yao kubwa ya safari mwaka 1965, wakaiita Electra Glide kwa sababu hiyo. BMW walifuata mwaka 1969. Waingereza walichelewa: Norton Commando ilipata stata mwaka 1975, ikawa dhaifu kiasi kwamba wenye nazo walisema kwa kejeli kwamba ni ya kuusaidia mguu.

Mwaka huo huo wa 1975 Honda walitoa Gold Wing GL1000, ambayo wengi wanaihesabu kuwa mama wa pikipiki za safari za kisasa. Ilikuwa na stata ya umeme, lakini ukifungua lile "tangi" lake la bandia (mafuta yenyewe yalikaa chini ya kiti), ndani ungekuta mkono wa kiki umehifadhiwa. Wahandisi walikuwa wameamini umeme, lakini si sana. Mimi napenda sana wahandisi wa namna hiyo.

Stata ilileta namna mpya ya kutambua ugonjwa, nayo ni ya masikio. Ukibonyeza usikie "ta!" moja na kimya, shuku betri au nyaya zake. Ukisikia injini inazunguka kwa uvivu, betri imechoka au oili ni nzito mno, maana betri ikipigwa na baridi hutoa nguvu kidogo kuliko kawaida. Na K100 ina sauti yake ya pekee: stata inalia "wiiii" kwa kasi lakini injini haisogei hata kidogo. Hiyo ni klachi ya njia moja inayounganisha stata na injini. Vyuma vyake vidogo hunata kwenye oili chafu iliyoganda kwa baridi, having'ati. Watu wamenunua betri na stata mpya kwa ajili ya sauti hiyo, kumbe dawa mara nyingi ilikuwa oili safi. Nilianza kwa kusikiliza hilo kwa mjomba. Halikuwa hilo, injini ilizunguka vizuri sana.

Sasa tufike kwenye choki, kwa sababu hapa ndipo mimi na mjomba tulipotea pamoja.

Neno lenyewe kwa Kiingereza maana yake ni kumkaba mtu koo. Choki ya asili ni kipande cha bati kinachoziba mdomo wa kabureta: hewa inapungua, injini inanyonya petroli zaidi. Baadaye kabureta nyingi za Kijapani na za Ulaya zikaacha kukaba, zikaweka njia ndogo ya pembeni inayoongeza petroli na hewa kidogo. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Ile njia ya pembeni hufanya kazi vizuri pale tu kilango kikuu kimefungwa, ili mvuto wa injini upite kwake. Mtu akivuta choki halafu akapiga resi wakati wa kuwasha, anaua mvuto huo na injini haiwaki. Wangapi wamemaliza betri asubuhi hivyo!

Na kulikuwa na jambo jingine. Marekani iliweka sheria za moshi wa pikipiki kuanzia modeli za mwaka 1978. Watengenezaji wakapunguza petroli kwenye kabureta ili moshi uwe safi, na matokeo yake pikipiki nyingi za miaka hiyo zikawa nzito kuamka, zikihitaji choki kwa kilomita kadhaa. Kabureta ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake: haiwezi kuwa safi mchana na karimu asubuhi bila mtu wa kuiambia saa.

Jibu lilitoka kwenye magari. Bosch walikuwa wameanza kuuza mfumo wao wa kupuliza petroli kwa umeme, D-Jetronic, mwaka 1967. Kwenye pikipiki, Kawasaki walitangulia na Z1000 ya mwaka 1980, na mwaka 1983 BMW wakatoa K100 yenye mfumo wa Bosch LE-Jetronic. RT, ndugu yake wa safari ndefu, ilifuata. Humo ndani hakuna kabureta. Kuna kibati kinachosukumwa na hewa inayoingia, kompyuta inasoma kimesogea kiasi gani, kisha inafungua nozeli nne kwa muda wa sehemu ndogo sana za sekunde. Muda ukirefuka, petroli inaongezeka.

Na baridi? Kwenye bomba la maji ya kupozea, chini ya tangi, kuna sensa ya joto. (Si ile sensa ya kuhesabu watu, ingawa nayo kazi yake ni kupeleka takwimu kwa mkubwa.) Ndani yake kuna kipande kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua joto likipanda. Kwa sensa za Bosch za aina hiyo, nyuzi 20 ni takriban omu 2,500. Nyuzi 10 ni kama omu 3,800. Nyuzi 80 ni kama omu 320. Kompyuta inasoma namba hiyo, na kwa namba hiyo peke yake inaamua kama ni asubuhi ya baridi au injini imeshapata moto.

Nilipofika hapo ndipo nikaelewa ule mkono wa choki. Kwenye K100 hauongezi petroli hata tone moja! Unachofanya ni kufungua vilango vya hewa kidogo ili injini izunguke haraka baada ya kuwaka. Kila mtu anauita choki, mjomba ameuvuta miaka zaidi ya ishirini akiamini anaiongezea mafuta, na nadhani hata mafundi wa ile karakana waliamini hivyo. Kumbe swali la "kuna baridi kiasi gani" lilikuwa limeshahamishwa kutoka kwenye mkono wa mwendeshaji mwaka 1983. Ule mkono ulibaki pale kama vile alama ya kuhifadhi kwenye programu zetu bado ni picha ya disketi.

Hivyo basi orodha yangu ya washukiwa ikageuka. Karakana ilikuwa imeuliza: je, kuna cheche, je, kuna mafuta? Maswali mazuri ya mwaka 1934, na majibu yote yalikuwa ndiyo. Swali la K100 ni jingine: kompyuta inaamini nini?

Jumamosi ya pili nilifika mapema, kabla jua halijatoka. Kipimajoto kilisema nyuzi 10. Nikatoa plagi ya waya kwenye sensa, nikaweka multimita. Nilitarajia omu 3,800 hivi. Ilisoma 430.

Omu 430 ni sawa na zaidi ya nyuzi 70. Pikipiki imelala nje usiku kucha, umande umejaa kwenye kiti, na sensa inaiambia kompyuta kwamba injini imetoka safarini sasa hivi. Kompyuta inaamini, inatoa petroli ya injini ya moto, na injini baridi inakohoa mara moja na kunyamaza.

Mjomba aliuliza swali ambalo hata mimi lilinisumbua: mbona basi ikishapata moto inaenda vizuri? Tukaing'oa sensa, tukaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka jikoni kwa shangazi (ambaye hakufurahi). Limuru iko juu zaidi ya mita 2,000, kwa hiyo maji huchemka karibu na nyuzi 92 tu, na hapo sensa nzima ingesoma kama omu 230. Yetu ilisoma 150 na kitu. Ilikuwa inadanganya, lakini kidogo, na kwa injini iliyoshapata moto tofauti hiyo haina maana. Nikakaa na kalamu. Ukichukua sensa nzima na kuiwekea njia ya mkato ya takriban omu 480 pembeni, unapata 430 kwenye nyuzi 10, na unapata kama 155 kwenye maji yanayochemka. Zote mbili zinakubaliana. Unyevu na kutu vilikuwa vimejenga kinjia ndani ya sensa, umeme ukawa unavuja. Uvujaji ule ule, lakini kwenye joto hauonekani, kwenye baridi unameza kila kitu.

Nadhani pia mwinuko ulichangia kuficha tatizo. Kile kibati cha hewa kwenye mfumo huu hakijui vizuri kwamba hewa ya huku juu ni nyepesi, kwa hiyo pikipiki hupewa petroli nyingi kidogo kuliko inavyostahili. Huo ukarimu wa bahati mbaya ndio ulioiwezesha kuwaka mchana.

Lakini sisi watu wa programu tunajua: usiseme umepata mdudu mpaka umthibitishe. Katikati ya wiki nikapita Luthuli Avenue jijini Nairobi, nikanunua rezista ya omu 3,900 kwa shilingi chache sana. Jumamosi ya tatu, saa kumi na mbili na nusu, ukungu umejaa, nikachomeka rezista kwenye waya badala ya sensa. Yaani nikaiambia kompyuta: kuna baridi, nyuzi 10, amini mimi. Tunafanya hivi kila siku tunapojaribu programu, tunatoa sehemu halisi na kuweka ya kuigiza inayotoa jibu tunalolijua.

Mjomba akabonyeza. Haikumaliza hata sekunde mbili.

Sitawaficha, nilipiga kelele. Mjomba hakusema kitu, alisimama tu akiisikiliza huku ameshika usukani. Baada ya dakika chache moshi mweusi ukaanza kutoka, kwa sababu injini ilikuwa inapata joto na rezista yangu bado inasema nyuzi 10. Tukazima. Hilo nalo lilikuwa ushahidi: sasa kosa lilikuwa limegeuka upande wa pili, vile vile nilivyotarajia.

Kuna mtu atasema pikipiki za siku hizi zingejisema zenyewe. Ni kweli kwa sehemu. Kufikia mwaka 1993 BMW walikuwa na mfumo wa Motronic kwenye R1100RS unaohifadhi makosa. Gold Wing ilipoacha kabureta na kupata nozeli kwenye GL1800 mwaka 2001, Honda walikuwa na taa inayokonyeza: kwenye pikipiki zao, mikonyezo saba ni sensa ya joto la maji. Na ukisoma vitabu vyao vya mafundi, dalili inayoandikwa kando ya namba 7 ni ugumu wa kuwaka kwenye baridi, kwa sababu kompyuta ikikosa sensa hujiwekea nyuzi 80 au karibu na hapo na kuendelea. Ulaya ilikwenda mbali zaidi ikaweka sharti la kujitambua makosa kwenye pikipiki mpya kwa kanuni za Euro 4, kuanzia mwaka 2016.

Lakini angalieni vizuri ni nini kinachowasha taa hiyo. Ni waya uliokatika, au uliogusana moja kwa moja. Yaani namba isiyowezekana. Omu 430 si namba isiyowezekana. Ni jibu halali kabisa la swali la saa nane mchana. Sensa ya mjomba ingefungwa kwenye mfumo rahisi wa mikonyezo, naamini taa ingekaa kimya. Mifumo mipya zaidi inaweza kulinganisha sensa ya maji na ya hewa pikipiki ikiwa imelala usiku, ikashangaa kwa nini moja inasema 10 na nyingine 70, lakini hilo ni lazima mtu alifikirie na aliandike. Nimewahi kuandika ukaguzi wa data unaokataa nafasi tupu na kukubali uongo wenye sura nzuri. Nadhani hata ninyi mnaoandika programu mmewahi.

Sensa mpya tuliiagiza Ujerumani, ikachukua wiki tatu. Ilipofika niliipima kwanza mezani kabla ya kuifunga, maana siku hizi siamini hata kitu kipya: omu 2,900 na kitu, nyuzi 17 sebuleni. Sawa kabisa. Tukaifunga tarehe 23 Agosti, siku nane kabla ya ahadi ya yule mnunuzi. Mjomba alimpigia simu mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata alishuka nayo hadi Mai Mahiu na kurudi kabla ya chai. Bado anauvuta ule mkono wa choki kila anapowasha, nimemweleza mara tatu kwamba hauongezi mafuta, ananijibu kwamba pikipiki imezoea. Na multimita yangu iko kwake. Nimeiomba mara mbili.